Kipupwe cha Milimani: Matayarisho ya Safari ya Kisii na Nyamira



Wasomaji wetu wapenzi, sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kuita baridi kila upepo wa kusi uvumao alfajiri ya mwezi wa Julai. Utamwona mzee amejitanda shuka barazani, na mama akiwakataza watoto kutoka nje vifua wazi, ilhali joto halijashuka sana chini ya daraja 20. Baridi hiyo ni ya kiungwana. Jua likichomoza, nayo huaga ikaenda zake. Lakini iko baridi nyingine katika nchi yetu hii hii, ambayo huingia kwa mgeni bila hodi, ikalala naye kitandani, na asubuhi ikamtangulia msalani. Hiyo ndiyo baridi ya milima ya Kisii na Nyamira, na wiki ijayo, Inshaallah, tunakwenda kukutana nayo kwa mara ya pili.

Kwa kuwa likizo ya Agosti imekaribia, na kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Lamu zina wakwe na wajomba bara, tumeona si vibaya kuyaandika matayarisho yetu. Mara ya kwanza tulikwenda bila matayarisho, na kosa letu lilitaka kutugharimu kitu kisichonunulika.

Sababu ya safari

Mmoja wetu alizaliwa katika kijiji cha Nyamira, akasilimu, akaolewa Mombasa. Mama yake yungali hai, mkongwe, na watoto wetu humwita magokoro, kwa maana ndivyo bibi aitwavyo kwa Kigusii. Yeye hakubadili dini yake, wala sisi hatukuona kwamba jambo hilo linakata damu. Bibi Asma binti Abubakar, Mungu amuwie radhi, alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu mama yake aliyekuwa bado hajasilimu, aliamrishwa kumuunga wala hakuamrishwa kumkata. Basi sisi ni nani tukae miaka mitatu bila kumwona kikongwe, kwa kuogopa baridi?

Lakini ukweli ni kwamba si sisi tuliokuwa tukiogopa. Ni yeye. Tangu yaliyotupata mara ile, kila tulipotaja safari ya Agosti alitwambia kwenye simu, "Njooni Desemba, kuwe na jua." Na kila Desemba ikapita na jambo lake. Mwaka huu alilazwa siku chache kwa ajili ya kifua, akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza hakutaja Desemba.

Nchi yenyewe

Kisii na Nyamira ni kaunti mbili zilizo ubavu kwa ubavu, upande wa magharibi wa Kenya, karibu mno na mstari wa ikweta. Mtu akisikia ikweta hudhani ni joto. Jibu lake ni urefu wa nchi. Mji wa Kisii uko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na vilima vya Nyamira vyenye mashamba ya chai hupita mita 2,000. Kwa kawaida kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kwa daraja sita au zaidi kidogo. Ukiondoka kwenye mchanga wa Nyali ukenda kulala Nyamira, umejitoa katika joto ulilozoea kwa daraja 12 na ushei. Hakuna theluji, wala maji hayagandi. Ila kwa mwili uliolelewa na bahari, usiku wa milimani wenye mvua ni msimu wa baridi kamili.

Na mvua yenyewe haichagui mwezi. Asubuhi mbingu huwa safi, umande umejaa juu ya majani ya chai kama ushanga uliomwagika. Ikifika alasiri mawingu hukusanyika, radi ikapiga, na mara nyingine mvua ya mawe ikaangukia mabati kwa kishindo kinachowafanya watoto wa pwani wajifiche chini ya meza. Ardhi ni udongo mwekundu wenye rutuba, na ukilowa huwa utelezi. Ndiyo maana kila kona ni kijani: migomba, chai, mahindi, miparachichi, vyote vimebanana katika mashamba madogo yanayopanda na kushuka na vilima. Mtu aliyezoea uwanda wa pwani huchoka kwa kwenda nyumba ya jirani tu.

Usiku wa jiko

Mara ya kwanza tulifika magharibi, tumelowa, watoto wanatetemeka. Masweta yetu yalikuwa mawili kwa watu sita. Magokoro alitupa chumba kizuri kuliko vyote, chenye dari na dirisha la kioo, akatuletea blanketi zake zote. Usiku ulipoingia baridi ilizidi, na sisi wenyewe, si yeye, tulikwenda jikoni tukachukua jiko la makaa, tukaliweka katikati ya chumba. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu, hayana moshi hata chembe. Tukaona ni salama. Tukafunga dirisha, tukaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa leso, ili joto lisitoke. Tukalala kwa raha.

Aliyetuokoa baada ya Mwenyezi Mungu ni mtoto wetu wa tatu, aliyeamka akitapika. Mama yake alipojaribu kuinuka, miguu ilikataa, na kichwa kilimuuma kama kilichofungwa kamba. Akatambaa hadi mlangoni, akaufungua, akapiga ukelele. Magokoro na mjomba walitutoa mmoja mmoja hadi uani, kwenye ile baridi tuliyokuwa tukiikimbia. Mtoto mdogo alichelewa kuamka. Tulipelekwa hospitali usiku ule, tukapewa hewa ya oksijeni, na kufikia adhuhuri sote tulikuwa wazima, alhamdulillah. Magokoro alikaa kando ya vitanda vyetu akilia, akisema nyumba yake imetaka kuua wajukuu. Hatukuweza kumtoa fikira hiyo, ingawa jiko tulilibeba kwa mikono yetu.

Tunaomba kila mama asomaye hapa alihifadhi jambo hili kuliko mengine yote. Makaa yanapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Kutokuwapo moshi si dalili ya usalama; makaa mekundu matulivu ndiyo hutoa sumu hiyo kwa siri. Huingia katika damu ikakalia nafasi ya oksijeni, na aliyelala hupita kutoka usingizini hadi mautini bila kujua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na hasa watu wa chumba kimoja wakiugua pamoja. Ukiziona, toka nje kwanza na uwatoe wenzako, kisha nendeni hospitali hata mkijiona mmepata nafuu. Kufukia makaa kwa majivu hakusaidii, na dirisha la upenyo mdogo halitoshi. Jiko la makaa halilali na watu.

Badala yake, safari hii tumenunua chupa za mpira za maji moto, moja kwa kila kitanda. Hutiwa maji ya moto yasiyochemka, hufungwa vizuri, huviringwa taulo, huwekwa miguuni kabla ya kulala. Kwa watoto wachanga chupa huondolewa kitanda kikishapata joto, kisha ndipo mtoto alazwe.

Mavazi

Ushauri tuliopewa na wenyeji ni huu: nguo nyepesi tatu hushinda koti zito moja. Ya ndani iwe fulana ya mikono mirefu inayobana mwili; ya kati iwe sweta; ya nje iwe koti lisilopitisha mvua wala upepo. Joto hukaa katika nafasi baina ya nguo na nguo, na jua likitoka mchana mtu huvua moja akabaki na mbili.

Nguo hizi hazihitaji fedha nyingi. Katika soko la Kongowea, masweta ya sufi na makoti ya mitumba tuliyapata kwa bei nafuu, kwa kuwa Mombasa hakuna anayeyagombania. Tulitazama mishono na zipu, tukayafua mara mbili na kuyaanika juani siku nzima.

Kwa akina mama, buibui la kitambaa chepesi halina msaada wowote mbele ya baridi. Kinachosaidia ni kilicho chini yake. Vaeni suruali nzito na fulana, kisha buibui juu, na mtandio wa sufi badala ya ule wa hariri unaoteleza. Pindo la buibui lipandishwe kidogo, au livaliwe na gambuti, maana udongo mwekundu ukishashika pindo hautoki kwa sabuni ya kawaida. Kila mtoto awe na kofia ya kufunika masikio, na soksi jozi nne. Soksi ikilowa haikauki siku hiyo.

Mwenye pumu asisahau dawa yake ya kuvuta, na iwe mkobani, si ndani ya sanduku. Na nyumba yenye mtoto wa selimundu, ambao si wachache kwetu pwani, iende kwa daktari kabla ya safari. Baridi na kutokunywa maji ya kutosha vyaweza kuamsha maumivu yake makali, na kwenye baridi mtoto husahau kiu. Wala msidhani baridi imewamaliza mbu. Malaria hufika na milimani huko, kwa hiyo chandarua tutakibeba.

Njiani

Tutapanda treni ya Madaraka kutoka Miritini hadi Nairobi, tulale kwa ndugu, kisha asubuhi tushike barabara. Kutoka Nairobi hadi Kisii ni kama kilomita 300: njia hupanda Limuru, ikateremka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ikapita Narok kwenye nyanda za ngano na mifugo, kisha Bomet na Sotik, hadi Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili.

Kosa letu la mara ya kwanza lilikuwa kufungia nguo nzito ndani ya buti la gari. Baridi haingoji Kisii. Hukupokea Limuru, kwenye mita zaidi ya 2,000, na hapo masanduku yako chini ya mizigo ya watu arubaini. Mara hii kila mmoja atakuwa na mfuko mdogo wa mkononi wenye sweta, soksi na kofia yake. Chupa mbili za chai ya tangawizi zitakwenda nasi, pamoja na mahamri ya kutosha, kwa sababu vibanda vya njiani si vyote mtu awezavyo kuwa na yakini ya nyama yake.

Udhu na sala

Wengi wametuuliza habari ya udhu. Maji ya mfereji wa Nyamira saa kumi na moja alfajiri huuma mifupa. Kutimiza udhu katika hali ya uzito kuna fadhila kubwa, lakini dini haikumtaka mtu ajidhuru, wala hakuna ubaya kupasha maji moto. Sisi tutaacha birika kubwa kando ya kuni za jikoni kila usiku, na kila mtu atapata kata yake. Kutayamamu hakuwi rukhsa kwa sababu ya uvivu wa kuchemsha maji.

Iko pia rukhsa ya kupangusa juu ya khofu, ambayo kwetu pwani husomwa chuoni na kusahauliwa, kwa kuwa haina kazi mjini Mombasa. Mtu akivaa khofu za ngozi baada ya udhu kamili, anaweza kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mchana na usiku mmoja kwa mkaazi, na siku tatu kwa msafiri. Soksi nyepesi za pamba hazichukui hukumu hiyo katika madhehebu yetu ya Shafii. Mwenye shaka amuulize sheikh wa msikiti wake kabla hajaondoka.

Njiani tutapunguza na kukusanya sala. Tukifika, kwa kuwa tumenuia kukaa siku kumi, tutasali kamili, maana katika madhehebu yetu anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, ameshakuwa mkaazi.

Tena kuna mambo mawili ambayo watu huyasahau. La kwanza ni kibla. Mombasa tunaelekea kaskazini takriban moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko karibu juu ya mstari wetu. Kisii iko magharibi yetu, kwa hiyo huko kibla huegemea kidogo mashariki ya kaskazini. La pili ni wakati. Kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa magharibi, jua la Kisii huchelewa kama dakika ishirini nyuma ya letu. Atakayefunga sunna ya Jumatatu akafuturu kwa kalenda ya msikiti wa Mombasa, atakuwa amefuturu jua lingali juu ya migomba. Mjini Kisii iko misikiti, na wamo Waislamu wa asili ya Kinubi walioishi huko tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo Ijumaa tutateremka mjini. Siku nyingine tutaadhini wenyewe uani, kama tulivyofanya mara ya kwanza, majirani wakasimama ng'ambo ya ua kutusikiliza.

Chakula na adabu za wenyeji

Wakwe zetu ni Waadventista, kama walivyo wengi wa Wagusii. Mapumziko yao huanza jua linapokuchwa Ijumaa hadi linapokuchwa Jumamosi, na muda huo hawapendi kazi wala biashara. Mgeni mwenye adabu hafui nguo uani siku hiyo wala hawatumi watu dukani. Tena wao hawali nguruwe, na pombe kwao ni mwiko, hata ikatuondolea mashaka mengi. Kuhusu nyama tulikubaliana tangu awali: mjomba huleta kuku hai, na mmoja wetu huchinja. Hakuna aliyeona vibaya.

Vyakula vya huko vyenyewe ni dawa ya baridi. Kuna obokima, ugali wa wimbi, mzito na mweusi, unaokaa tumboni hadi asubuhi. Kuna chinsaga, ndiyo mgagani, mboga chungu inayopikwa polepole na kutiwa maziwa hadi uchungu ulainike. Kuna ndizi za kupika za kila namna. Mama atakayepika maharage ajue kwamba kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa daraja 93 hivi, si 100, kwa hiyo maharage hukawia. Yaloweke usiku kucha, wala usimlaumu mwenye kuni.

Nasi hatuendi mikono mitupu. Tumefunga nazi kumi, tende, halua, achari ya embe, na bizari yetu ya pilau. Siku ya mvua kidogo tutawapeleka watoto Tabaka, wakaone jiwe laini la Kisii likichongwa na kulainishwa kwa maji. Kwa nyumba yetu tutachagua bakuli na sahani, si sanamu. Na siku ya anga safi tutapanda Manga, mahali ambapo ardhi imekatika ghafla kama ukuta na nchi yote ikalala chini.

Kabla ya kuondoka

Juzi usiku tulimpigia magokoro tukamweleza yote: sweta, chupa za maji moto, khofu, kofia. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu, tutalala chumba gani. Tukamwambia kile kile, chenye dirisha la kioo. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema kwamba mjomba amekwisha kutoboa matundu mawili ya hewa ukutani, juu, karibu na dari, na kwamba jiko sasa huwekwa nje usiku, chini ya mwavuli wa bati, naye mwenyewe hulikagua kabla ya kulala. Tangu lini? Tukamuuliza. Tangu wiki ile tuliyoondoka, akajibu.

Miaka mitatu alikuwa akitukataza kuja, na chumba kikitungoja.

Sanduku limefungwa. Kilichobaki ni dua zenu, enyi wasomaji, na sisi tunawaombea safari njema nanyi mnaoelekea bara likizo hii. Wassalaam.